Anayesema "Jumapili Nikijaliwa" Ameshaondoka

Watu wa Kigoma hawamfukuzi mgeni. Akibisha hodi atakaribishwa, atawekewa kiti au mkeka, ataulizwa habari za nyumbani na za alikotoka. Kwa Waha salamu ina makofi na mwendo wake, haikatizwi. Baada ya hapo mgeni akifungua kitabu akaanza kuhubiri, mwenyeji atasikiliza. Atatikisa kichwa, ataitikia "ni kweli" panapostahili kuitikiwa "ni kweli". Akialikwa ibadani atajibu "Jumapili nikijaliwa", au "inshallah sheikh, nitafika". Mhubiri anaaga kwa furaha na kuandika jina kwenye daftari. Na mwenyeji, kuanzia siku hiyo, akiona kanzu ile au mkoba ule unakuja kwa mbali, anatorokea mlango wa uani.

Shida ya mahubiri ya kushinikiza huku kwetu iko hapo. Adabu ya mwenyeji inahesabiwa kuwa ni ridhaa. Mtu wa huku hakatai waziwazi, anapotea tu, na mhubiri asiyelijua hilo atajaza daftari zima la watu aliowakimbiza mwenyewe akidhani amewavuna. Nimeona viongozi wa dini, wa kanisani na wa msikitini, wakilaumu simu, mpira na vijana wa siku hizi kwa safu zilizopungua. Ni wachache wanaojiuliza mtu huyo alifuatwa mara ngapi, saa ngapi, na kwa maneno gani kabla hajapotea.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia Mmarekani Jack Brehm alieleza kwamba mtu akihisi uhuru wake wa kuchagua unabanwa, kinachoamka ndani yake kwanza ni hamu ya kuurudisha, hata kama anachosukumiwa ni kitu chema. Kwa hiyo mtu anaweza kuukataa ujumbe ambao, angeachiwa nafasi, angeufuata mwenyewe. Akikataa namna hiyo hashindani na Mungu, anashindana na mkono uliomshika bega. Mhubiri naye anaona moyo mgumu, anaongeza nguvu, na kila anapoongeza anampa yule mtu sababu nyingine ya kukaa mbali.

Kubisha hodi kwa watu usiowajua kuna mavuno madogo sana pia. Wanasosholojia Rodney Stark na William Bainbridge walichapisha mwaka 1980 hesabu za wamisionari wa Kimormoni katika jimbo la Washington, Marekani. Hodi za namna hiyo zilileta mwongofu mmoja hivi kwa kila hodi elfu moja. Pale ambapo mazungumzo ya kwanza yalifanyika nyumbani kwa rafiki au ndugu aliyekwisha kuamini, karibu nusu waliongoka. Kwa hiyo kinacholeta watu ni ujirani. Na mahubiri ya kero yanachoma kwanza huo ujirani wenyewe.

Hakuna hata moja kati ya dini zetu mbili kubwa inayoweza kusema haikuonywa. Abdallah bin Masud, sahaba wa Mtume, alikuwa akiwapa watu mawaidha kila Alhamisi. Alipoombwa ayatoe kila siku alikataa, akasema anachelea kuwachosha, na kwamba Mtume mwenyewe alikuwa akiwachagulia nyakati kwa kuhofia wasichoke. Muadh bin Jabal aliposalisha kwa sura ndefu hadi mtu mmoja akajitenga na jamaa, aliyekaripiwa na Mtume ni Muadh, imamu, na wala si yule aliyejitenga. Upande wa Biblia, katika Yohana sura ya 6 wanafunzi wengi walirudi nyuma wakaacha kufuatana na Yesu. Hakuwakimbilia. Aliwageukia wale kumi na wawili akawauliza kama na wao wanataka kuondoka. Swali hilo ningependa kila timu ya uinjilisti ilikalie jioni moja kabla ya kutoka kwenda mitaani.

Historia ya ukanda huu nayo ina la kutufundisha. Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, walifika Tabora mwaka 1878 na Ujiji mwaka 1879. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliweka sharti lililowashangaza wengi: mtu mzima asibatizwe, isipokuwa yuko katika hatari ya kufa, mpaka atimize miaka minne ya maandalizi. Miwili ya kwanza alikuwa mwombaji tu, akifundishwa mambo ya msingi, na miwili iliyofuata ndipo alipokuwa mkatekumeni, yaani mtu anayeandaliwa rasmi kwa ubatizo. Katika muda huo milango ilikuwa wazi pande zote mbili. Aliyeona haimfai aliondoka kabla hajafunga ahadi. Sisemi kila walichofanya kilikuwa hiari. Watoto waliokombolewa utumwani na kulelewa misheni hawakuwa na pengine pa kwenda, na mtoto asiye na pa kwenda hachagui. Lakini kwa watu wazima, kanuni ya miaka minne iliwanyima wamisionari kitu ambacho wahubiri wengi wa leo wanakipenda mno, yaani hesabu ya haraka.

Kusini mwa Kigoma, huko Karema kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, alikuwepo Adrien Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe na kusomeshwa udaktari Malta. Alifika Karema mwaka 1889 akiwa katekista, yaani mwalimu wa dini, na tabibu, akahudumu huko maisha yake yote hadi alipofariki mwaka 1956. Katekista aliyetibu watu kwa zaidi ya nusu karne hana haja ya kumshika mtu mkono barabarani. Wanaotaka kujua anaamini nini watamuuliza wenyewe.

Tuje kwenye kazi yenyewe, tuanze na ziara ya nyumbani, maana huko ndiko uharibifu mwingi hutokea.

Jua saa za watu. Kibirizi, mwambaoni Kigoma, mvuvi wa dagaa huingia ziwani jioni na taa zake na kurudi alfajiri. Saa tatu asubuhi amelala, na mkewe yuko kwenye vichanja anageuza dagaa. Ukigonga mlango saa hiyo umeamsha mtu aliyekesha, umemtoa mama kwenye mali inayoweza kuharibika mawingu yakitanda, kisha unawaambia habari za pumziko la milele. Siku za mbalamwezi mitumbwi hupumzika na wanaume wapo nyumbani, ndiyo siku za kwenda. Urambo na Kaliua, mkoani Tabora, mkulima wa tumbaku akiwa anakausha, moto wa bani, yaani banda la kukaushia, unataka kuangaliwa usiku na mchana. Mwache. Mwenye duka hakai na wageni saa za wateja. Mambo haya hayafundishwi kwenye semina za uinjilisti wala kwenye misafara ya daawa ya siku tatu au arobaini, na ndiyo yanayoamua kama utasikilizwa.

Nendeni wawili. Watano mlangoni ni kikosi. Baada ya salamu, kabla hujakaa, sema umetoka wapi na umekuja kwa ajili gani: "Sisi ni wa kanisa fulani, tumekuja kuzungumza habari za imani. Kama leo si siku nzuri, hakuna neno kabisa." Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko yote, maana yanampa mwenyeji njia ya kukataa bila kuvunja adabu yake. Mhubiri anayekuja kama mgeni wa kawaida, akanywa chai, akasifia watoto, kisha dakika ya ishirini akatoa kitabu, amemtega mwenyeji wake, na mwenyeji atalikumbuka hilo muda mrefu baada ya kuisahau aya iliyosomwa.

Ukiruhusiwa, taja muda, dakika kumi na tano, na uushike hata kama mazungumzo yamenoga. Zungumza jambo moja. Uliza kabla ya kueleza, kisha jibu lililoulizwa tu. Waraka wa kwanza wa Petro 3:15 unasema kuwa tayari kumjibu kila awaulizaye, tena kwa upole. Wengi wanakariri "kuwa tayari" na kuruka "awaulizaye". Usimwekee mtu mkono kichwani kumwombea bila kumwomba ruhusa. Usihubirie watoto uliowakuta peke yao. Na ukiondoka, usiweke miadi. Sema unapopatikana, basi. Hatua inayofuata iwe mikononi mwake. Akiitaka atakutafuta, na atakayekutafuta mwenyewe hatakuwa na haja ya kukukwepa.

Kisha jifunze kusikia hapana ya Kiswahili. "Tutaona." "Mungu akipenda." "Nimekusikia, mchungaji." "Mimi nina dini yangu, lakini Mungu ni mmoja." "Ngoja nimalize mambo fulani fulani kwanza." Mtu akikujibu hivyo mara mbili, ameshakataa kwa heshima kubwa aliyoweza kukupa, nawe umrudishie heshima hiyo kwa kuacha. Salamu ziendelee, msiba wake uende, mwanae akiugua umjulie hali, na habari ya dini usiianzishe tena mpaka aianzishe yeye.

Vipaza sauti sasa. Katika eneo la wazi sauti hushuka kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hivi kila umbali unapoongezeka mara mbili. Aliye mita 200 kutoka jukwaani anapata sauti pungufu kwa desibeli 18 kuliko aliye mita 25. Fundi akitaka wa mita 200 asikie vizuri kwa spika moja, atawaumiza masikio walio karibu. Wengi hufanya hivyo, tena kwa kukaza amplifaya kupita uwezo wake mpaka sauti ikate na kukwaruza. Matokeo yake mtaa mzima unasikia kelele na hakuna anayeshika maneno. Mgonjwa hasikii injili, anasikia mngurumo, na mtoto wa darasa la saba mwenye mtihani vilevile. Tiba si ya gharama: spika ndogo nne au tano zilizosambazwa kati ya wasikilizaji, zimeelekezwa chini na ndani ya uwanja badala ya kwenye mapaa ya majirani, na mhubiri aliyezoeshwa kutopiga kelele ndani ya maikrofoni. Maliza kabla ya giza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za kelele na mitetemo za mwaka 2015 zinaihusu nyumba ya ibada kama zinavyoihusu baa, lakini majirani wachache watakwenda kushitaki mahali pa ibada. Wataichukia kimyakimya, na chuki ya kimya haina mahali pa kusuluhishiwa.

Kinachosemwa kwenye vipaza sauti hivyo kina uzito wake. Mihadhara ya kulinganisha dini ilishika kasi nchini miaka ya 1980, na makanisa nayo yakajibu kwa mikutano yao. Kushindana kwa hoja si dhambi. Ila mtu anayeaibishwa mbele ya majirani zake kuhusu dini aliyozikwa nayo mama yake habadiliki kwa sababu umemshinda. Anakwenda nyumbani akiwa na donda, na kijana aliyesimama pembeni akiangalia wazee wawili wanatukaniana vitabu anaanza kujiuliza kama vyote viwili vina faida. Katiba yetu, Ibara ya 19, inalinda uhuru wa kila mtu katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini, na inaiacha kazi ya kueneza dini iwe huru na ya hiari ya mtu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 129, inamgusa anayesema maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini za mwenzake. Mipaka yote miwili ipo, na mhubiri anayeijua ya kwanza peke yake hajasoma sheria.

Kwenye mikutano ya hadhara kuna kosa la hesabu. Wanaonyoosha mikono wakati wa wito hawafanani. Wamo watoto waliofuata wenzao, wamo walionyoosha mwaka jana na mwaka juzi, wamo wagonjwa waliotaka kuombewa tu, na wamo wachache walioguswa kweli. Wote huandikwa kwenye fomu ileile: jina, mtaa, namba ya simu. Halafu fomu inapigwa picha na kusambazwa. Ndani ya wiki mtu huyo amepigiwa na watu watatu tofauti, ameingizwa kwenye kundi la WhatsApp asiloliomba, na kila alfajiri simu inalia kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba. Anajitoa kwenye kundi. Anarudishwa. Anabadilisha laini. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayotumika, na imani ya dini imo katika taarifa nyeti. Hata bila sheria, utaratibu mzuri unajulikana. Andika wale tu waliosema wanataka kutembelewa. Kila mmoja apewe mtu mmoja wa kumfuata, wa jinsia yake na wa karibu na mtaa wake. Apigiwe simu moja ndani ya siku mbili. Asipopokea, atumiwe ujumbe mmoja mfupi wenye jina la mtumaji. Kisha basi. Wakibaki kumi katika mia, hao kumi ndio waliokuwepo tangu mwanzo.

Msaada wenye masharti nao unaharibu. Unga, sukari ya futari, mafungu ya nguo, vyote ni vyema. Ukishaviunganisha na mahudhurio umemfundisha maskini kwamba ibada ni foleni. Toa, kisha nyamaza.

Wodini sitaki kupita haraka. Mgonjwa aliyelala na dripu mkononi hana mlango wa uani, na kwa sababu hiyo peke yake mhubiri anapaswa kuwa mpole maradufu. Omba ruhusa kwa muuguzi wa zamu, kisha kwa mgonjwa mwenyewe, siyo kwa ndugu zake. Sauti iwe ya watu wawili, si ya wodi nzima, maana kitanda cha pili kuna mtu wa dini nyingine naye anaumwa. Dakika tano zinatosha. Usimwamshe aliyelala. Na dawa usiziguse kwa neno wala kwa ishara. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita, na anayeacha katikati kwa sababu ameambiwa "umeshapona kwa jina" anaweza kurudi na vimelea sugu ambavyo dawa zilezile haziviwezi tena. Wa kisukari, wa kifafa, wa ARV, ni vivyo hivyo. Tena mara nyingi, uponyaji usipoonekana, lawama humrudia mgonjwa kwamba imani yake ni ndogo. Mtu huyo anapoteza vitu viwili kwa mkupuo, afya na Mungu wake, na kwa haki kabisa hatataka kumwona mhubiri tena. Mtumishi anayemkumbusha mgonjwa saa ya vidonge vyake amefanya kazi kubwa kuliko mkesha mzima.

Msibani kanuni ni fupi. Familia nyingi za Tabora na Kigoma zina watu wa dini zote mbili chini ya paa moja. Uliza mkubwa wa familia una dakika ngapi na nani wapo. Usifanye wito. Marehemu usimhukumu, hata kwa mafumbo, maana mafumbo ya msibani kila mtu anayaelewa.

Hasara kubwa kuliko zote hainyooshi mkono wala haiandikwi kwenye fomu, kwa sababu iko nyumbani kwa mhubiri mwenyewe. Mtoto anayeamshwa kwa fimbo kwenda ibadani, anayeulizwa mbele ya wageni akariri aya, anayekatazwa marafiki wa dini nyingine, na ambaye kila kosa lake dogo linatishiwa moto wa milele, hatatoroka akiwa na miaka kumi na tano. Hana pa kwenda. Ataimba kwaya, atasoma Qur'ani, ataitwa mfano wa kuigwa. Ataondoka siku atakayopanda treni kwenda chuoni Dodoma au Dar, na wazazi watasema ameharibiwa na mji.

Wazazi wanaobaki na watoto wao katika imani wana tabia zinazofanana. Ibada ya nyumbani ni fupi na ina saa yake, dakika kumi au kumi na tano, haiongezwi kwa sababu mtoto amekosa. Dini haitumiki kama adhabu: aliyevunja sahani anaadhibiwa kwa sahani, haambiwi Mungu amechukia. Swali haliitwi jeuri. Mtoto akiuliza kwa nini babu aliyekuwa mwema na wa dini nyingine aende motoni, mzazi mwenye busara hamnyamazishi. Anasema, "Hilo swali ni zito, mwanangu. Mimi sina jibu lote, twende tukamuulize padre," au ustadhi, na kweli wanakwenda. Jibu linaweza lisimridhishe. Atakachobaki nacho ni kwamba nyumbani kwao swali la namna hiyo lilipata nafasi. Na kuanzia ujana, mambo mengine yaachwe mikononi mwake, kuingia kwaya au kutoingia, kufunga sunna au kutofunga. Ambaye hajawahi kuruhusiwa kusema hapana hajui bado kama ndiyo yake ni yake.

Na yule aliyekwisha kuondoka? Wengi humfuata kwa nguvu mpya, wanamtumia wazee, wanamsomea aya za waasi. Acheni. Mmoja aliyemkera, kama anajua alimkera, aende peke yake amwombe radhi bila kitabu mkononi na bila kumaliza kwa mwaliko: "Ndugu yangu, nilikufuata vibaya, nisamehe." Akikaa kimya, akubaliwe kimya chake. Mkikutana sokoni Mwanga msalimiane kwa urefu uleule wa zamani, muulizane bei ya migebuka. Ana harusi, nenda. Una harusi, mpe kadi kama wengine, umkalishe na watu anaowapenda, na mchungaji au sheikh aambiwe mapema asimguse.

Kama kuna siku atauliza jambo, mjibu lile aliloliuliza.